Waranti ya ziada ya kifaa cha kusomea vitabu: shilingi 60,000 zilininunulia nini?

Nilinunua kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki katika duka moja la Mwanjelwa, jijini Mbeya, na muuzaji akanishawishi niongeze shilingi 60,000 ili waranti ya mwaka 1 ifikie miaka 3. Miezi saba baadaye, nikiwa katika daladala ya Uyole iliyojaa hadi mlangoni, mkoba wangu ulibanwa na ndoo ya viazi, na nilipokiwasha kifaa, nusu ya chini ya skrini ilikuwa na mistari myeusi isiyofutika, ilhali kwa nje hapakuwa na hata mkwaruzo. Ndivyo skrini za wino wa kielektroniki, yaani za vifaa kama hiki, zinavyokufa: tabaka la kioo lililo chini ya wino ni jembamba mno, nalo hupasuka kwa kukandamizwa. Dukani nilielezwa, kwa adabu kabisa, kwamba waranti inahusu kasoro za kiwandani tu. Na kasoro hizo, kwa kawaida, hujitokeza mapema, ndani ya mwaka ule ambao tayari ni wa bure. Kwa hiyo siipendekezi waranti ya ziada, isipokuwa karatasi yake itaje waziwazi kuanguka na kupasuka. Fedha hizo zingetosha kununua kasha gumu, na nauli ya kurudi Uyole ingebaki.