Mafuta ya jeshi: bomba au nchi mwenyeji?

Bomba la mafuta la NATO la Ulaya ya Kati, CEPS, lina urefu wa takriban kilomita 5,300, kupitia Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani, Luxembourg na Uholanzi. Limefukiwa ardhini, halingoji dereva, na wakati wa amani hulisha hata viwanja vya ndege vya kiraia kama Schiphol na Frankfurt. Kasoro yake ni nzito: halihami. Linaishia Ujerumani, ilhali vikosi vingi viko mbele zaidi, Poland na Baltiki.

Nchi mwenyeji, yaani inayopokea au kupitisha jeshi la kigeni, hukupa bandari, matangi, malori na madereva wanaoijua njia, tena upesi. Lakini mwenyeji naye ana uchungu wake. Novemba 2011, ndege za NATO zilipoua wanajeshi 24 wa Pakistan, Pakistan iliufunga mpaka wa Torkham, wa kuingilia Afghanistan, hadi Julai 2012. Malori ya mafuta ya vikosi vya NATO vilivyokuwa Afghanistan yakabaki Karachi, yamepangana ubavu kwa ubavu, madereva wakisubiri mwezi baada ya mwezi. Kilichookoa ni njia ya kaskazini, kupitia Urusi na Asia ya Kati, ndefu na ghali zaidi.

Mimi ningechagua bomba kwa mzigo wa kila siku. Kipande cha mwisho ningekikabidhi kwa nchi wenyeji, zisipungue mbili.