Kile kituo cha watoto wanaochelewa kuongea, Area D Dodoma: nilivyowaona

Hii ni kwa wazazi wa Dodoma wenye mtoto anayekaribia miaka mitatu na bado anaomba vitu kwa kukuvuta mkono na kunyoosha kidole, maana najua mshaambiwa kila kitu, mara watoto wa kiume huwa wanachelewa msubirini, mara mpelekeni akakatwe kimeo, mara mnamchanganya na Kigogo cha bibi yake. Sisi tumeenda kwenye kile kituo kidogo cha ushauri Area D (jina silitaji, nina ya kuwasema pia), tumekaa nao toka kiangazi mpaka mvua zimeanza, kwahiyo nimewaona vizuri.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba walikataa hela yetu siku ya kwanza. Walisema mkapime masikio kwanza, mtoto asiyesikia vizuri huwezi kumfundisha kuongea hata ukae nae mwaka. Tukaenda, masikio yako poa, ndo wakaanza.

Sasa mi nilitegemea dada mshauri atakaa na mtoto amwambie sema maji, sema mama. Wapi! Kumbe anayefundishwa pale ni mzazi. Alichukua kopo la plastiki lenye mfuniko umekaza, ndani karanga, akamkabidhi mwanangu akanyamaza. Mtoto anahangaika na mfuniko, ananiangalia, mi nishaanza "unataka nikufungulie baba?" dada akanigusa mkono nikae kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu jamani, mtoto anagonga kopo chini, anamrudishia dada, dada anamtazama tu usoni huku anatabasamu. Ikatoka "fu!" Dada palepale: "Fungua! Haya tunafungua," kopo likafunguliwa, karanga MOJA ikatoka, mfuniko ukarudi. Mpaka tunaondoka "fu" zimetoka nyingi, na kila moja imejibiwa.

Baadae akatueleza kuwa hicho kimya kina utafiti wake. Kuna mama mmoja Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi walimu darasani miaka ya 60 na 70, akakuta mwalimu akiuliza swali anasubiri kama sekunde moja tu kisha anajijibu au anamrukia mwingine, na waliposubiri sekunde 3 kwenda juu majibu ya wanafunzi yakawa marefu na hata wale wa kimya wakaanza kuchangia. Nikawaza madarasa yetu yalivyo, mwalimu anasema "mmeelewa?" na "ndiyooo" inatoka kabla hajameza mate.

Ila semina yao ya Jumamosi kwa wazazi wote kwa pamoja hapana, hapo nawakata nyota. Projekta, slaidi nusu Kiingereza, na mtoa mada alishikilia ile habari ya maneno milioni 30, kwamba mtoto wa familia maskini anasikia maneno machache kwa milioni 30 kuliko wa familia yenye uwezo katika miaka yake ya mwanzo. Aliitoa kama aya ya msahafu. Ile ni kazi ya watafiti wawili, Hart na Risley, ya mwaka 1995, familia 42 tu za Kansas huko Marekani, na zile za hali ya chini kabisa zilikuwa 6, halafu mwaka 2018 Sperry na wenzake wakaja kuonesha kwamba ukihesabu na maneno ya watu wengine wanaoongea karibu na mtoto ile tofauti haisimami vile. Sasa fikiria nyumba ya kupanga Chang'ombe, uani wapangaji watano, bibi, shangazi, muuza mchicha kapita, nani atasema mtoto wa pale hasikii maneno? Akina mama walitoka pale wamejiinamia bure. Wangesema tu ile ya mtafiti mwingine, Romeo, ya 2018 ambayo ndo inaendana na wanachokifanya wenyewe, kwamba kinachoonekana mpaka kwenye picha za ubongo ni zile zamu za maongezi, mtoto atoe neno, mkubwa ajibu, mtoto arudishe, na ilikuwa hivo bila kujali kipato cha familia. Kuongea na mtoto kwa zamu hakuhitaji bando.

Kuhusu katuni walikuwa wakali lakini kwa hoja, walitutajia jaribio la mtafiti Patricia Kuhl la 2003, watoto wachanga wa Kimarekani walichezewa na mtu anayeongea Kichina wakashika sauti za kile Kichina, wengine wakaoneshwa mtu yuleyule kwenye video wakatoka kapa. Dada wetu wa nyumbani alinuna kidogo, TV saivi inawashwa jioni.

Na kwa bibi nawapa tano kabisa. Mama mkwe kaja nae kikao kimoja kutoka Bahi, kajiandaa kugombezwa, mshauri akamwamkia vizuri akamwambia mama endelea na Kigogo chako hichohicho, lugha mbili hazicheleweshi mtoto, ila akikujibu msubiri. Bibi akanigeukia: "Umesikia?" Nimesikia mama.

Ya kuwasema sasa. Miadi ya saa 3 mnaingia saa 4 na nusu, na mtoto keshachoka keshalia, hicho kikao kitakuwa na faida gani? Chumba kinapakana na fundi wa kuchomelea mageti, siku akiwa na kazi hamsikilizani. Elfu 30 kwa kikao ni hela nyingi kwa mama ntilie, na vikao vya kundi ambavyo vingeshuka bei wanasema vinakuja, vinakuja. Kwa sasa nyota nne.

Mkienda chagueni Jumanne au Jumatano asubuhi, mchukueni yule anayekaa na mtoto mchana kutwa hata kama sio wewe, na bebeni karanga zenu.