Mnada wa Msalato, Dodoma: fika kabla nyama haijaiva

Ukimuuliza mkazi wa Dodoma kuhusu Msalato, cha kwanza kukitaja ni nyama choma. Hajakosea, ila ametaja nusu ya pili ya siku. Kila Jumamosi pale pana masoko mawili katika uwanja mmoja: la mifugo, linalochangamka asubuhi, na la walaji, linalojaa kuanzia adhuhuri. Anayeingia saa nane mchana anakuta moshi na muziki, na kwenye mifugo anakuta waliokosa mnunuzi. Kwa mlaji si hasara. Kwa anayetaka mbuzi wa kupeleka nyumbani, siku imeshaharibika.

Msalato iko kilomita kumi na kitu kutoka katikati ya jiji, kwenye barabara kuu ya kwenda Arusha. Daladala na bodaboda zipo. Muulize konda kabla ya kupanda kama anafika mnadani kwenyewe au anakushusha njiani. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, hata mtu wa Dar es Salaam anaweza kwenda asubuhi na kurudi usiku, mradi akate tiketi zote mbili mapema na abebe kitambulisho. Tiketi ya kurudi ndiyo huwaponza wengi. Vaa viatu vya kufunika vidole na kofia. Kiangazi cha Dodoma kina vumbi na upepo, na kuanzia Desemba hadi Aprili uwanja wa mifugo hugeuka tope.

Neno mnada lisikudanganye. Mgeni anayetarajia kelele za kupandishiana bei atashangaa: bei hapa ni maelewano ya mtu na mtu, mara nyingi dalali akiwa katikati. Kabla hajafungua mdomo kukutetea, mwulize ujira wake ni kiasi gani na nani anaulipa. Wasioliuliza hilo hulipa mara mbili.

Mnyama hukadiriwa kwa macho, kwa hiyo uwe na hesabu yako kichwani. Mbuzi wa kienyeji mwenye kilo 25 akiwa hai hutoa kama kilo 11 za nyama na mifupa. Chukua bei uliyotajiwa, igawe kwa 11, kisha ilinganishe na bei ya kilo buchani. Zikikaribiana, umeshapigwa, maana usafiri na mchinjaji bado hujawalipa.

Tumbo kubwa si unene. Mbuzi aliyelambishwa chumvi kisha akanyweshwa maji anaonekana mnene hadi jioni tu. Weka kiganja mgongoni, nyuma ya mbavu ya mwisho, ubonyeze: ukihisi ncha za mifupa kama meno ya kitana, hapo hakuna nyama. Kisha fungua mdomo, uangalie meno ya mbele ya taya la chini (juu hayapo, usidhani yameng'oka). Makubwa mawili katikati maana yake amevuka mwaka mmoja. Manne, kama miaka miwili. Sita, kama mitatu. Manane, minne au zaidi. Wa kuchoma awe na mawili au manne. Mwenye manane mpeleke kwenye supu. Mwisho, vuta chini kope la chini la jicho. Wekundu ni dalili njema. Weupe unaokaribia karatasi mara nyingi ni minyoo inayonyonya damu. Anayekohoa au kutokwa makamasi mwache alipo, hata akipunguzwa bei, kwani homa ya mapafu na sotoka ya mbuzi huambukiza zizi zima.

Bei hulegea alasiri kwa sababu muuzaji hataki kuwaswaga tena hadi kijijini, lakini wazuri huwa wameshaondoka. Karibu na Idd el-Haj na Krismasi usitegemee punguzo la maana. Ukishalipa, dai stakabadhi na kibali cha kusafirisha mifugo kabla ya kupakia. Bila karatasi hizo, kizuizi cha kwanza barabarani kitakugharimu muda na fedha. Kumfunga mbuzi miguu minne na kumlaza nyuma ya pikipiki ni kuharibu nyama uliyolipia: huvilia damu mapajani. Akifika, apumzike siku moja na maji ya kutosha ndipo achinjwe. Aliyechinjwa akiwa hoi hutoa nyama nyeusi, ngumu, isiyokaa.

Sasa majiko. Nyama huchaguliwa mbichi, ikapimwa, ikaingia motoni. Hakikisha unaona mhuri wa mkaguzi, na mshale wa mzani uko kwenye sifuri kabla kipande hakijawekwa. Kilo moja mbichi hushuka motoni ikiwa gramu 700 au chini, maana maji na mafuta vimekwenda. Watu wanne wenye njaa waagize kilo mbili na nusu. Mguu wa nyuma unataka saa nzima au zaidi juu ya makaa yaliyotulia. Moto ukiwa na ndimi, nje huungua na karibu na mfupa hubaki damu, na kurudishwa jikoni hakuiokoi, inakauka tu. Mbavu ndizo bora kwa asiye na subira. Chumvi yatosha, anayemwaga viungo vingi kwenye mbuzi mchanga ana jambo analificha. Kaeni mnapoiona nyama yenu, kwa sababu siku ya watu wengi vipande hupishana mahali pa kwenda. Kachumbari na ndizi agizeni mwishoni, la sivyo mtashiba kabla mguu haujashuka.

Mitumba, vyombo na dawa za mifugo vipo pia. Katambuga za tairi zinafaa kununuliwa. Dawa nunua kwa muuza pembejeo mjini, si iliyoshinda juani.

Jiji lenyewe linahitaji saa mbili. Soko la Majengo lina karanga, ubuyu na, katika miezi ya mavuno kama Februari, Machi, Agosti na Septemba, zabibu. Tazama kikonyo: kikiwa kijani kibichi, zimekatwa karibuni, kikiwa kahawia, punje zitadondoka ukitikisa kichala. Zinunue ukiwa njiani kurudi stesheni, maana zabibu zilizokaa saa tano ndani ya gari lililoegeshwa Msalato huwa tayari juisi.