Nimenunua ThinkPad T480 Kwenye Tangazo la Mtandaoni: Chomoa Betri Kwanza, Hela Baadaye

Wadau, mambo vipi! Karibuni tena mezani. Leo sijisumbui na utangulizi, naomba mtazame mikono yangu. Mashine imewaka, mnaiona. Chaja nachomoa, hiyo hapo, naiweka pembeni. Sasa naigeuza kidogo, nasukuma hivi vibanio viwili vya chini, na betri ya nyuma hiyooo, imetoka. Nimeishika mkononi. Halafu angalieni skrini.

Haijazima! Haijashtuka hata kidogo!

Wallahi nimerudia kitu hiki mara 20 tangu jana, mke wangu ameniuliza kama niko sawa. Hii kompyuta ina betri mbili, moja ya nyuma unayoichomoa na nyingine ndogo imejificha ndani. Wenyewe Lenovo wanauita huo mpango Power Bridge. Unachomoa betri iliyoisha, unachomeka iliyojaa, kazi inaendelea. Kwa sisi wa umeme wa kuvizia, niambieni kuna nini kizuri zaidi ya hapo.

Sasa pale kona ya chini panasoma asilimia 40, ni ya betri ya ndani peke yake. Sirudishi kitu. Naiacha hivi hivi tuone kama tutafika nayo mwisho wa video, kwa sababu aliyeniuzia aliandika kwenye tangazo lake, nanukuu, "betri masaa 6".

Ni Lenovo ThinkPad T480, ya mwaka 2018. Sifa zake zimejaa mtandaoni, sitakula bando lenu kwa kuzisoma. Mimi nataka tuzungumze nilivyoipata, maana ni ya mtumba, nimeinunua kwenye matangazo ya mtandaoni kwa mtu nisiyemjua, na kabla ya hii nilipigwa. Ndiyo, mimi. Cheka, ukimaliza tuendelee.

Niliona tangazo la mashine kama hii hii, bei 350,000. Laki tatu na nusu! Roho inakataa, kidole tayari kinaandika, "Mkuu, bado ipo?" Jibu likaja kabla sijaweka simu chini. Yeye yuko Dodoma kikazi, mashine iko kwa shemeji yake Tegeta, hapa Dar, kuna wateja watatu wanaigombania, kwa hiyo nitume elfu 80 ya kushikilia. Nikatuma.

Na kinachoniuma siyo ile elfu 80. Mnajua ukituma hela kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri linatokea jina la mwenye laini? Likatokea jina la mwanamke. Mimi nachati na mwanaume. Mtu mzima nikajiambia, "Labda ni laini ya mkewe." Yaani tapeli hakuhangaika hata kunidanganya hapo, uongo nilimtungia mwenyewe! Baada ya saa moja shemeji wa Tegeta naye akataka elfu 30 ya bodaboda, ndipo usingizi ukanitoka. Namba nikairipoti TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, kwenye ile 15040. Hela ndiyo imekwenda hivyo.

Baadaye nilirudi kutazama zile picha kwa utulivu. Nyuma ya kompyuta ukutani kulikuwa na soketi ya matundu mawili ya duara, iliyozama ndani kama bakuli. Nyumba gani ya Tegeta ina soketi ya Ujerumani? Sisi hapa ni matundu matatu ya mstatili, kama Uingereza. Picha ilikuwa ya watu. Siku hizi nikiona tangazo, kitu cha kwanza kukitazama ni ukuta. Cha pili naiingiza picha Google kwenye kutafuta kwa picha, nione kama imezunguka dunia. Ila msichanganye: ukikuta kibodi ambayo Z imekaa mahali pa Y, huo siyo utapeli, ni kibodi ya Kijerumani. Mitumba mingi inatoka huko, wengine wanabandika stika juu ya herufi, maisha yanaenda.

Basi. Tangazo la hii mashine lilisema hivi: "ThinkPad T480, Core i7, RAM 16, SSD 512, Full HD, betri masaa 6, haina mkwaruzo, 580,000, maongezi yapo." RAM ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, SSD ni ghala la mafaili, zote kwa GB. Huyu nikamjia tofauti. Nikamwambia, "Mkuu, nipigie video, iwashe, uniandikie neno chapati." Akacheka sana, lakini akaandika. C-h-a-p-a-t-i, mbele ya macho yangu. Yule wa Dodoma ningemwambia hivyo angekuwa ghafla hana mtandao. Tukakubaliana mgahawa mmoja Mwenge, saa 6 mchana, watu wamejaa, na nikamwambia mapema kabisa nitakaa na mashine nusu saa na chai ni juu yangu. Akasema hamna shida.

Mnaona hapo? Kabla hata hujagusa kompyuta, hilo jibu la nusu saa limeshakwambia mengi. Muuzaji anayekwambia "fanya haraka nina safari", mwache awahi safari yake.

Twende kwenye hiyo Core i7, yaani prosesa, injini ya kompyuta. Stika ipo hapa, ya bluu, inang'aa. Inang'aa kuliko mashine yenyewe, nikaanza kushangaa. Usiamini stika, jamani, stika zinauzwa. Zima, washa, gonga F1 mfululizo mpaka uingie BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijaanza. Pale inaandika prosesa, RAM, na namba ya utambulisho wa mashine. Nikasoma: i5-8350U. Nikamgeuzia skrini kijana wa watu. Akasema, "Aah mkuu, hata mimi niliuziwa hivyo hivyo." Inawezekana. Sikutaka kugombana, nikaandika kwenye karatasi: moja.

Na hapa nitoke nje ya barabara kidogo, maana nyie watu mnaniudhi na hizi i7. Namba inayofuata baada ya ule mstari ndiyo ya kutazama. 8350 ni kizazi cha 8, ina bongo 4 za kufanyia kazi. i7-7600U ni kizazi cha 7, ina bongo 2! i5 hii inaipita ile i7, na mtaani i7 ile inauzwa ghali zaidi kwa sababu ya jina tu. Halafu kuna Windows. Microsoft walifunga masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel rasmi inaanzia kizazi cha 8, kasoro vichache sana. Kwa hiyo zile HP EliteBook 840 G3 na G4 zinazomwagwa sokoni kwa bei ya kutupa zikiwa na Windows 11, hizo ni kizazi cha 6 na cha 7, Windows imeingizwa kwa dirishani. Zinafanya kazi, sijasema hazifanyi. Ila ulipe ukijua. Ukitaka HP chukua 840 G5, Dell chukua Latitude 7490, hizo nyingi zina prosesa za umri mmoja na hii. Na 840 G5 ndiyo video inayofuata, naikopa kwa jamaa yangu Jumapili. Ndiyo, tumehamia Jumapili, Alhamisi mtaani kwetu kuna fundi wa kuchomelea, mliisikia sauti yake kwenye video iliyopita mkadhani ni maikrofoni.

Tunasoma asilimia 27. Mnaiona lakini? Haya.

Nirudi kwenye betri, maana hapa ndipo nilipookoa hela. Ukiwa na mashine yenye betri mbili, muuzaji anaweza kukufichia betri mfu nyuma ya mgongo wa betri nzima. Unaiona imewaka bila chaja, unaridhika, unaondoka. Kwa hiyo dawa ni ile niliyoanza nayo: hakikisha ya ndani ina chaji kidogo, chaja nje, betri ya nyuma nje. Ikizima palepale, ya ndani ni mfu, na ya ndani haichomolewi kwa kidole, lazima ufungue kifuniko chote cha chini.

Kisha usiishie hapo. Nenda kwenye kutafuta, andika cmd, fungua lile dirisha jeusi. Andika pamoja nami: powercfg, acha nafasi, mkwaju ule wa kulalia kulia (/), batteryreport, maneno yote mawili yameungana. Gonga Enter. Inakwambia imehifadhi faili na mahali ilipo. Fungua hilo faili, linafunguka kama ukurasa wa intaneti. Nasogeza kamera... subirini ijitengeneze... hapo.

Hili nililitengeneza kabla ya video, betri zote mbili zikiwa ndani, maana iliyo nje haisomeki. Kuna safu mbili, betri ya 1 na ya 2. Tafuta mstari ulioandikwa DESIGN CAPACITY, huo ni ukubwa wa betri ilipotoka kiwandani. Zote mbili hapa ni kama elfu 24 hivi. Mstari wa chini yake, FULL CHARGE CAPACITY, ndicho inachoweza kubeba leo. Ya ndani, 17,100. Siyo mbaya, imebaki kama asilimia 71, kwa umri wake naipigia makofi. Ya nyuma sasa, hii niliyoishika. 9,800. Elfu tisa na mia nane kutoka elfu 24! Hii siyo betri, hii ni kumbukumbu ya betri. Nikamwuliza, "Masaa 6 yako wapi?" Akajibu, na sitasahau maishani, "Inategemea na matumizi, mkuu." Matumizi gani, kuitazama ikiwa imezimwa?

Karatasi: mbili.

Skrini ikaja ya tatu. "Full HD." Bonyeza kulia, mipangilio ya skrini: 1366 kwa 768. T480 zilitoka kiwandani na skrini za aina hiyo na nyingine za 1920 kwa 1080, hizo ndizo Full HD, kwa mbali huzitofautishi. Na niwe mkweli, nilipoanza video hii nilikuwa nawaambia moyoni nunueni T480 wote. Sasa hivi nikiitazama hii skrini pembeni ya simu yangu... rangi zimepauka kama kanga iliyofuliwa miaka 10. Kibodi ni tamu, hiyo sibishani na mtu. Ila kama kazi yako ni picha au video, hii skrini itakutesa.

Mengine niliyapima haraka. Nenosiri la BIOS: mashine hizi nyingi zilikuwa za makampuni ya nje, ukikuta imefungwa na muuzaji hajui nenosiri, ondoka. Nikaunganisha intaneti ya simu yangu nikairudisha Windows upya kabisa; hiyo ndiyo iliyomaliza chai yangu, lakini kama kompyuta bado imesajiliwa kwa kampuni fulani, inapoanza upya inakuuliza barua pepe ya hiyo kampuni. Hii haikuuliza. Matundu yote mawili ya USB-C nikayachomekea chaja, kwa sababu matoleo ya mwanzo yalikuwa na ugonjwa wa tundu la Thunderbolt, moja kati ya hayo mawili, kufa, Lenovo wakatoa programu ya kulitibu. Yote yakachaji. RAM 16 kweli, SSD 512 kweli. Na ile namba ya kwenye BIOS nikailinganisha na ya stika ya chini, zinafanana.

Basi nikamsogezea karatasi. Prosesa siyo, skrini siyo, betri ya nyuma marehemu. Nikamwambia 450. Akashika kichwa. Tukavutana, nikamwagizia chapati ya pili, tukafunga 480,000. Hela nikatuma mbele yake, jina lililotokea kwenye simu ni lile lile la kwenye kitambulisho chake cha NIDA, nikakipiga picha kwa ruhusa yake, tukaandikishana hati ya mauziano kwa mkono, sahihi mbili, na mhudumu wa mgahawa akawa shahidi. Mtaniona mshamba. Lakini kesho akija mtu na polisi kusema hiyo mali ni yake iliibiwa, "niliiona kwenye tangazo" siyo jibu.

Kuna dada wa Mbeya aliuliza kwenye video iliyopita: mimi niko mkoani, mgahawa wa Mwenge naupata wapi? Dada yangu, ni swali zuri na sina jibu tamu. Usitume hela ukaletewa picha ya risiti ya kifurushi cha basi, hizo risiti zinatengenezwa kwa simu. Tafuta ndugu au rafiki aliyepo Dar, mtumie video hii, aende yeye. Kama huna mtu kabisa, nunua dukani hapo hapo Mbeya, ongeza hiyo laki, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Najua inauma.

Tumebakiza mchango wa maikrofoni, waliochangia nawashukuru sana, majina nita... subiri. Subiri subiri. Asilimia 6. Kamera isogee hapa. Tumerekodi dakika ngapi? Thelathini na nane, pamoja na kukosea kwangu kote. Asilimia 5... na hiyo hapo, imelala.

Dakika 38 kwa asilimia 35 ya betri ya ndani. Ngoja nichukue kikokotoo, hii video bado.