Kamusi ya Kiebrania ya kwenye simu: nimeipa nyota nne

Kazi yangu ni kunoa visu na mapanga, ndiyo maana mstari wa Biblia wa 1 Samweli 13:21, unaotaja kunoa majembe, haukunitoka kichwani. Nikalipia programu hii, nikatafuta neno pim, ambalo kwenye Biblia ya Kiebrania linatokea hapo tu. Waingereza waliotafsiri Biblia mwaka 1611 walibahatisha, wakaandika tupa, kile chuma cha kunolea. Baadaye wachimbuaji wakaokota vijiwe vya mizani vilivyochorwa neno hilohilo, gramu 7 na ushee, kama theluthi mbili ya shekeli, uzani wa kale wa kupimia fedha. Kumbe ni bei! Ndiyo fedha Wafilisti waliyowatoza Waisraeli kuwanolea majembe. Mimi nikitoza hivyo wateja watanikimbia. Maelezo yameshiba, ila herufi zake ndogo kama chawa, na bando likiisha haifunguki.