Hobbywing MAX10 SCT kwenye Slash: chukua KV 3200, weka betri ya 3S

Seti ya EzRun MAX10 SCT, ya magari ya umeme yanayoendeshwa kwa remoti, huja na ESC (kidhibiti cha mwendo wa mota) na mota ya 3660SL ya KV 3200, 4000 au 4600. ESC haibadiliki: ampea 120 mfululizo, betri za LiPo za seli 2 hadi 4 (2S hadi 4S), kinga ya maji na vumbi ya kiwango cha IP67, na BEC (sehemu inayolisha umeme servo, mota ndogo ya usukani) unayoweza kuiweka 6V au 7.4V. Wauzaji wengi huipigia debe ile ya 4600 kwa sababu namba kubwa haihitaji maelezo. Kwa Traxxas Slash inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, ikikimbizwa kwenye marram ya Nakuru au nyasi za Kisumu, ya kununua ni 3200 na betri ya seli 3. Ya 4000 inamfaa aliye na betri nyingi za 2S ambaye hataki kuzitupa. Ya 4600 mwachie mwenye gari jepesi la lami.

Sababu iko kwenye hesabu. KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Mota ya 4600 kwa 2S, yaani volti 7.4, inatoa 34,040. Ile ya 3200 kwa 3S, volti 11.1, inatoa 35,520. Kwa hiyo anayedhani 4600 itamwacha mwenzake nyuma amekosea tangu dukani. Tofauti inaonekana kwenye ampea. Gari likihitaji wati 400 kupanda kijilima, betri ya 2S italazimika kutoa ampea 54, ya 3S itatoa 36. Na kwa kuwa joto kwenye waya hupanda kwa mraba wa ampea, kwenye nyaya na plagi zile zile 2S inazaa joto zaidi ya mara mbili kwa kazi ile ile. Plagi kulegea, solda kulainika, betri kuvimba: mara nyingi chanzo ni hicho, na lawama hubebeshwa ESC.

Sasa gia, mahali ambapo pesa za watu huteketea. Slash ya 2WD yenye ESC ya XL-5 hutoka kiwandani na gia kubwa ya meno 86 na pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) ya meno 19, na sanduku la gia lina uwiano wake wa ndani wa 2.72. Gawa 86 kwa 19, zidisha kwa 2.72, unapata 12.31. Maana yake mota inazunguka mara 12.31 ili gurudumu lizunguke mara moja. Tairi ikiwa na kipenyo cha milimita 109 (pima yako, tairi zilizolika hubadilisha hesabu), 3200 kwa 3S inakupa kilomita 59 kwa saa kwenye karatasi. Uwanjani hesabu asilimia 80 ya hiyo, maana volti hushuka ukikanyaga na tairi huteleza. Hiyo ni kasi ya kutosha kuvunja mkono wa suspensheni ya mbele ukigonga jiwe.

Gia hiyo ya 19 kwa 86 ndiyo mwanzo mzuri wa 3200 kwa 3S. Nyasi zikiwa ndefu kuliko kifundo cha mguu, shuka hadi 17. Mwenye 4000 kwa 2S ataanza na 19 pia, atapata 49 kwenye karatasi, na akipanda hadi 21 uwiano unakuwa 11.14 na kasi inafika karibu 55. Asivuke hapo kwenye marram.

Wapo wanaonunua 4000 halafu wanaitia 3S. Kwa gia ya kiwandani hiyo ni kilomita 74 kwenye karatasi na mota inayochemka. Ukitaka kuituliza, lazima ushuke hadi pinioni ya 15, uwiano wa 15.59, kasi ya 58 na kitu. Yaani umezunguka kote na kurudi pale pale alipo mwenye 3200, ila mota yako inalia kwa mizunguko 50,400 betri ikiwa imejaa. Kuna tatizo jingine la chuma chenyewe: pinioni ya meno 15 ya pitch 48 (pitch ni kipimo cha ukubwa wa meno) ni ndogo mno, ukishaitoboa tundu la milimita 5 chini ya meno kunabaki ukuta usiofika milimita moja. Hupasuka. Kabla ya kuagiza pinioni yoyote, angalia mhimili wa mota uliyonunua ni wa milimita 5 au 3.175, kwa sababu ukubwa wote huu uko sokoni na pinioni za aina moja haziingii kwenye nyingine.

Pitch nayo isikuchanganye. Pitch 32 ni sawa na moduli (kipimo cha meno cha milimita) 0.794, kwa hiyo hushikana vizuri na gia za 0.8. Pitch 48 ni moduli 0.529, ukiifunga na gia ya 0.5 kwa kuwa zinafanana machoni, zitalia siku mbili na kulana. Gia kubwa ya plastiki ya pitch 48 pia ni dhaifu kwa 3S, hasa gari likitua kutoka hewani huku umekanyaga mafuta. Ukiihama kwenda pitch 32, gia kubwa ya 54 na pinioni ya 12 zinakupa uwiano wa 12.24, karibu sana na wa kiwandani. Kumbuka tu kwamba hapo jino moja ni hatua kubwa: kutoka 12 kwenda 13 ni asilimia 8, wakati kutoka 19 kwenda 20 ni 5 tu.

Kufunga gia, weka kipande cha karatasi ya daftari katikati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota hadi ishike, kaza, kisha zungusha karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo bila kuchanika, nafasi iko sawa. Zungusha gia kubwa mzunguko mzima, maana nyingine si duara kamili. Skrubu ndogo ya pinioni ikae juu ya ubapa wa mhimili, ikiwa na tone la gundi ya kuzuia skrubu isilegee. Zile skrubu za M3 zinazoshika mota, usibadilishe na ndefu ulizookota kwenye kopo la fundi: zikipita ukuta wa mota zinagusa nyaya za ndani, na mota inaungua mara ya kwanza ukikanyaga. Slipa klachi (klachi inayoteleza ili kulinda gia) ikaze hadi springi ibanane, kisha irudishe nyuma kati ya nusu na mzunguko mmoja. Isiporuhusiwa kuteleza, gia za nailoni za ndani ndizo zitakazolipa.

Mpangilio wa ESC ni rahisi. Washa remoti, shikilia kitufe cha SET huku ukiwasha ESC. Triga ya remoti ikiwa katikati bonyeza SET, ukikanyaga mwisho bonyeza, ukishika breki mwisho bonyeza. Ukiwasha tena, hesabu milio mifupi: miwili ni 2S, mitatu ni 3S. Ukisikia miwili na umefunga 3S, huenda kuna seli iliyokufa, chomoa. Gari likienda nyuma badala ya mbele, badilisha nyaya zozote mbili kati ya tatu za mota. Usirefushe nyaya za upande wa betri. Hapo ndipo kapasita za ESC huteseka.

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na hewa yake ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 17 kuliko ya Mombasa. Feni inapuliza, lakini inabeba joto pungufu kuliko kule Pwani. Bahati nzuri mchana wenyewe si mkali. Adui wa Nakuru ni vumbi la volkano la upande wa Menengai, jepesi kama unga, ambalo huingia kwenye beringi za feni kabla ya kingine chochote. IP67 ni ya ESC, feni haimo. Brashi ya rangi na hewa ya pampu kila baada ya kukimbiza vinatosha. Kisumu, mita 1,131, hewa ni nzito kidogo lakini jua la saa nane halina mchezo: punguza jino moja la pinioni mchana, lirudishe jioni. Udongo mweusi wa Kano ukilowa hujaa kwenye tairi na kuongeza mzigo maradufu, hapo usikimbize kabisa. Kakamega mvua ya alasiri haitaiua ESC, ila beringi za mota zitapata kutu usipozikausha na kuzitia tone la mafuta.

Joto lipime, usikisie kwa kidole. Kimbiza dakika tatu, simama, pima mota. Chini ya nyuzi 70 una nafasi ya kuongeza jino; 70 hadi 80 acha hivyo; ikipita 85 punguza, la sivyo sumaku zitaanza kupoteza nguvu. Vile vipimajoto vya paji la uso vilivyobaki tangu enzi za korona havisaidii, kwani kwenye hali ya mwili nyingi hugota nyuzi 42 hivi. Tafuta cha infraredi cha mafundi wa friji.

Betri: 5000mAh ya 3S yenye 50C (C ni kiwango cha kutoa umeme ukilinganisha na ujazo wa betri) inajigamba ampea 250. Chukua nusu ya hiyo na bado inatosha. Ni nene kuliko 2S, kwa hiyo pima kitanda cha Slash na urefu wa nguzo za mkanda kabla ya kulipa. Chaji kwa ampea 5, lakini chaja ya wati 50 haitafika hapo. Kwa volti 12.6 inaishia karibu na 4. Stima ikipotea, chaja za aina ya B6 hukubali betri ya gari ya volti 12. Usipoitumia wiki hii, iache kwenye volti 3.8 kwa kila seli.

Kasoro za seti hii ni mbili. Haina sensa, kwa hiyo hushtuka-shtuka ikianza polepole, hasa gia ikiwa ndefu. Mwenye gari la kutambaa juu ya mawe atafute nyingine. Na kipimo cha seli 4 kwenye sanduku huwadanganya watu: ESC inakubali, lakini 3200 kwa 4S iliyojaa ni mizunguko 53,760, na gari hili halijajengwa kwa hiyo.

Jamaa akikubebea betri kutoka Dubai, 3S ya 5000mAh ni saa-wati 55.5, chini ya kikomo cha 100 kwa mizigo ya mkononi. Aifunge ncha kwa tepu na asiiweke kwenye sanduku la kupakiwa chini.