Kipeperushi au mazungumzo: kipi kinamsaidia zaidi mgonjwa mwenye hofu kabla ya upasuaji?
Kipeperushi kinabaki mkononi. Mgonjwa anakirudia usiku, anahakikisha tena kwamba chakula kinakoma muda wa saa 6 kabla ya nusukaputi na maji matupu muda wa saa 2 kabla yake, na ndugu zake nao wanasoma.

Mazungumzo ya ana kwa ana ni jambo jingine kabisa. Hofu haina sura moja: huyu anaogopa kutoamka, yule anaogopa kuzinduka katikati, mwingine anawaza maumivu tu. Karatasi haiwezi kumuuliza, "Wewe hasa unaogopa nini?" Mwaka 1964, Lawrence Egbert na wenzake huko Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 97 wa upasuaji wa tumbo. Walioelezwa na daktari wa usingizi maumivu yatakuwaje, na namna ya kulegeza misuli, walihitaji takriban nusu ya dawa kali za maumivu walizohitaji wenzao wasioelezwa. Kwa maneno tu!

Nachagua mazungumzo, hata ya dakika 10, ila yafanyike mapema, si mgonjwa akiwa tayari mlangoni pa chumba cha upasuaji. Na kwa kuwa mwenye hofu kali husahau mengi aliyoambiwa, aondoke na karatasi pia.